Uwanja wa Bibi Kwenye Sinia

Watu wengi wakikutana nawe hukutazama machoni. Fundi Meno hukutazama mdomoni. Si kwa ubaya. Ndiyo kazi yake, na kazi ikikaa na mtu muda mrefu humgeuza hata shingo. Anafanya kazi chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, chumba chenye meza moja ndefu, bomba la maji, taa ya spiriti ya kuyeyushia nta, na kijimashine cha kutikisa jasi, ule unga mweupe wa kuundia mifano ya meno, ambacho kikiwashwa hata vikombe vya chai hucheza. Daktari huko mbele hung'oa, yeye huku nyuma hurudisha. Wagonjwa hawamjui kwa sura, ila wazee kadhaa mnaowaona mtaani wakitafuna nyama kwa mbwembwe wanatafuna kwa kazi ya mikono yake. Jioni hurudi nyumbani mweupe wa vumbi la jasi mpaka kwenye nyusi, na watoto wa mtaa humwamkia, "Shikamoo babu," ingawa hajafika hata hamsini. Yeye huitikia marahaba na kuongeza mkongojo wa kuigiza, maana hana haraka ya kumkatisha mtu furaha yake.

Lakini ukitaka kumjua vizuri, usimfuate kliniki. Mfuate nyumbani, barazani, siku ambayo hana kazi. Utamkuta amekunja miguu kwenye mkeka, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, anajenga mji kwenye sinia. Ana kinyozi anayeenea kwenye kiberiti, na kiti cha kinyozi, na kioo, na mteja aliyesinzia. Ana kituo cha basi chenye mama mmoja amechoka kusubiri. Mkewe, ambaye huoka mikate na keki za kuuza, hajui tena sinia lipi ni la mikate na lipi lina wakazi.

Nyumba, Fundi Meno atakwambia, ni rahisi. Kadibodi, kisu, gundi, mchezo umekwisha. Watu nao si shida, nta inawatosha. Shida iko chini. Chini ya kila kitu pana ardhi, na ardhi ndiyo inayomuumbua fundi. Ukiweka nyumba nzuri juu ya ardhi ya uongo, mtazamaji hajui kilichomkera, ila atasema tu, "Mh, kazi ya mtoto hii," na kuondoka zake.

Kwa sababu hiyo Fundi Meno amekuwa mchaguzi asiye na dawa. Hapiti kwa seremala bila kutoka na vumbi la msumeno mfukoni. Majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa huyaanika juu ya gazeti, huyapepeta, huyatia kwenye kopo. Ana kopo la maganda ya mayai yaliyosagwa, kopo la majivu, kopo la kahawa, kopo la uchafu uliokwanguliwa kwenye tofali, na kopo moja ambalo yeye mwenyewe hakumbuki ndani mna nini lakini hathubutu kulitupa.

"Mchagua nazi hupata koroma," mkewe humwambia anapotafuta mahali pa kuweka sukari.

"Sijachagua bado," yeye hujibu. "Naangalia tu."

Basi mambo yalikuwa hivyo, mume anaangalia na mke anacheka, mpaka Bibi alipogoma kuhama.

Bibi ni mzaa mama yake, ndiye aliyemlea. Nyumba yake ipo kando ya barabara kubwa, na barabara kubwa imeamua kuwa kubwa zaidi. Nyumba zote za upande ule zilipigwa alama nyekundu, mambo ya ofisini yakamalizwa, watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja na vitanda vyao vichwani. Fundi Meno na mkewe walishamwandalia mzee chumba cha mbele. Walikipaka rangi, wakatundika pazia jipya, wakaweka kiti chenye mto dirishani. Bibi aliletwa kukiona. Alikaa kwenye kiti, akanywa chai, akaisifu, akasifu na pazia ambalo hakuliona sawasawa, maana macho yake yameingia mtoto wa jicho na siku hizi huona mwanga na vivuli tu, mengine anamalizia kwa vidole. Kisha akaomba arudishwe.

"Kwenu pazuri," alisema. "Lakini kwenu ni kwenu na kwangu ni kwangu."

"Bibi, tingatinga halijui shikamoo," Fundi Meno alimwambia. "Jumatatu ya mwisho wa mwezi linapita pale."

Bibi alimpapasa mkono. Toka akiwa mdogo humwita mume wangu, kama bibi wote wenye utani na wajukuu wao, na mke wa mjukuu humwita mke mwenzangu, tena humlalamikia kwamba ameingilia ndoa ya watu.

"Mume wangu, nisikilize. Uwanja wangu nimeufagia toka mama yako hajazaliwa. Uwanja ukihama, na mimi nitahama. Usipohama, mwambie huyo mwenye tingatinga anikute nimeshika fagio."

Mtu mwingine angejua kwamba amekataliwa kwa adabu. Mkewe alijua, alitazama chini na kuhesabu maua ya mkeka. Lakini Fundi Meno macho yalimng'aa. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwagiza sinia. Watu hutazama, husema hongera, huuliza kama kuna mshahara. Leo mtu amesema kwa kinywa chake kwamba anataka uwanja uhame.

"Bibi alikuwa anakukatalia," mkewe alimwambia njiani, walipotoka kumrudisha.

"Alisema uwanja ukihama."

"Ndiyo, kama mtu anavyosema kuku akiota meno."

"Meno naweza pia," alisema Fundi Meno, na alikuwa hatembei tena, alikuwa anarukaruka.

Lakini chini ya furaha hiyo palikuwa na hofu, na tusiifiche. Kumbeba Bibi kwa nguvu wangeweza, uzito wake ni kama wa kuku. Ila alijua kwamba bibi atakayefikishwa chumba cha mbele kwa kubebwa hatakuwa Bibi tena. Atakaa pale dirishani, atashukuru kwa chai, hatamtania mtu, na ataisha polepole kwa adabu. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Alitaka mzee aje kwa miguu yake na ulimi wake.

Jumamosi alikwenda kwa Bibi na visahani vimejaa kwenye kikapu, kila kimoja na aina yake ya ardhi. Akavipanga mbele yake. Bibi akakunja mikono ya gauni kama mtu anayeitwa mezani.

Kisahani cha kwanza alikigusa, akanusa vidole. "Hii chai. Unaniletea uwanja au unaniletea kiamsha kinywa?"

Cha pili: "Hili vumbi la seremala. Mume wangu, mimi bado mzima, usinipitishie harufu ya jeneza."

Cha tatu kilikuwa mchanga wa ujenzi, aliochekecha kwa chujio la chai la mkewe bila ruhusa. Bibi alisugua chembe kati ya vidole viwili. "Hiyo nyumba yako ina ukubwa gani?"

"Kama boksi la viatu, Bibi."

"Basi chembe hii si mchanga, ni jiwe. Nitajikwaa nikitoka kuteka maji."

Fundi Meno alimtazama kwa mapenzi matupu. Ameeleza jambo hilo kwa watu wazima wenye miwani, hawakulishika.

Maganda ya mayai Bibi aliyasukuma pembeni akasema kuku wake wasisikie. Majivu aliyapuliza yakamrudia usoni. Kisahani cha kopo lile lisilojulikana alikionja kwa ncha ya ulimi, akatafakari, akasema ni pilipili iliyokufa zamani.

"Sasa sikiliza," alisema akipangusa mikono. "Uwanja wangu si kitu cha kumwaga juu ya sahani. Ni mgumu. Fagio limeupiga kila asubuhi mpaka umekuwa ngozi. Juu yake kuna vumbi jembamba kama poda, na kwenye vumbi kuna michirizi ya fagio. Vua viatu uende ukaone."

Alivua. Aliwahi kucheza kwenye uwanja ule, kuanguka, kulia, kulala, na hakuwahi kuusikiliza. Sasa akatembea peku pole pole huku amefumba macho, kutoka mlangoni hadi bombani, bombani hadi banda la kuku, na nyayo zikamwambia kila kitu. Chini mgumu, juu laini, katikati mistari. Mpita njia alisimama barabarani akamshangaa mtu wa makamo anayenyata kwenye uwanja wa bibi yake akicheka peke yake.

Jaribio la kwanza lilikuwa la unga wa ngano. Alikuwa amesikia kwamba unga ukikandwa na chumvi nyingi na maji kidogo hukauka ukawa kama mbao. Mkewe alikuwa ametoka. Fundi Meno akachota unga kwenye ndoo, akakanda, akatandaza kwenye sinia, akachora michirizi kwa mswaki mpya wa kliniki. Akapachika nyumba, bomba, banda la kuku. Akaliweka sinia juani barazani likauke, akaenda kazini akipiga mluzi.

Aliporudi jioni alimkuta mkewe ameketi kwenye ngazi, mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Alidhani kuna msiba.

"Nani?" aliuliza.

"Uwanja wa Bibi," mkewe alisema alipopata pumzi, "una mimba."

Ulikuwa umeumuka. Uwanja wote ulikuwa umeinuka mviringo, unang'aa, umejaa sinia na kuanza kumwagika pembeni. Nyumba imelala chali na mlango unatazama mbinguni. Banda la kuku limezama, limebaki paa. Bomba la maji peke yake ndilo limesimama wima kileleni.

"Ulichota ndoo ipi?"

"Ya bluu."

"Ya bluu nimeshatia hamira. Ni ya mikate ya kesho. Na sukari nimetia."

"Na mimi nimetia chumvi."

Hapo wote wawili walikwisha. Walicheka mpaka wakashikana ili wasianguke, wakinyamaza mmoja anasema "mimba" na wanaanza upya. Jirani wa dirishani aliuliza kama kuna heri, wakashindwa kumjibu. Uwanja ukaenda kwa kuku, na kuku wakaula mpaka mlangoni.

Jaribio la pili alilifanya kwa heshima zaidi. Alichana mifuko ya karatasi ya kaki, akailoweka, akaichemsha, akaitwanga ikawa rojo, akaichanganya na gundi ya unga uliopikwa, unga wa ndoo nyeupe safari hii, mkewe akisimama kama shahidi. Ilikauka vizuri. Ilikuwa ngumu, ina joto la ngozi. Juu yake akapepetea vumbi la kweli alilolifagia kwenye uwanja wenyewe, na michirizi ilikuwa myembamba hata yeye aliona wivu na mikono yake. Wakaipeleka wote wawili kwa Bibi, sinia limefunikwa kitambaa cha mikate.

Bibi aliweka kiganja katikati. Kiganja kikatulia. Vidole vikaanza kutembea, vikapata ngazi ya mlango, vikashuka, vikafuata njia ya bombani, vikazunguka banda.

"Hapa ndipo ninapoweka kiti jioni," alisema kwa sauti ndogo.

Fundi Meno alimkanyaga mkewe mguu kwa furaha.

"Mke mwenzangu, niletee maji."

Mke akadhani mzee amekauka koo kwa hisia, akakimbia na kikombe kimejaa. Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakimimina chote juu ya uwanja.

 Uwanja ulikunywa, ukavimba, ukalegea. Nyumba ilianza kwenda taratibu kama mtu mwenye usingizi. Baada ya muda mfupi palikuwa na bakuli la uji wa karatasi na paa linaelea.

"Nilikuwa naangalia maji yanakwenda wapi," Bibi alisema, naye alionekana kusikitika kweli. "Bila mvua huo si uwanja, ni picha. Uwanja unaujua mvua ikinyesha. Kwangu maji yanatoka kwa Yule, yanapita chini ya ua, yanakuja mpaka mlangoni. Hukumbuki nilivyokuwa nagombana naye?"

Nani asingekumbuka? Yule ni mwanamke wa upande wa pili wa ua wa mabati. Kila mvua ikikatika, kabla hata vyura hawajaanza, Bibi na Yule walikuwa wamesimama kila mtu upande wake, hawaonani, wanarushiana maneno juu ya maji. Yule alidai maji yanatoka kwa Bibi yanaingia kwake. Bibi alidai kinyume. Waliitana mchawi, mroho, mkaidi, na mara moja, mvua kubwa, walitukanana hadi kwenye mababu. Tangu ulimwengu uumbwe Bibi hakumtaja kwa jina. Sasa Yule ameshahama, nyumba yake imeshalazwa chini, na mabati ya ua yamebaki yanalia na upepo bila mtu wa upande ule.

Fundi Meno alirudi kazini na huzuni. Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha, na mkononi hana kitu. Alikaa mezani mbele ya seti ya meno ya juu ya mzee fulani, akiisugua, akiwaza ni kitu gani duniani kinakaa kwenye maji usiku na mchana, kinamwagiwa chai ya moto, kinabanwa, kinasuguliwa, na hakilegei. Aliendelea kusugua. Halafu mkono ukasimama.

Alikitazama kitu kilichokuwa mkononi mwake. Ufizi. Ufizi bandia, ule wa rangi ya waridi.

Alianza kucheka. Daktari alichungulia mlangoni na koleo mkononi akauliza kuna nini. Fundi Meno akamuuliza kama zile chupa za unga wa ufizi zilizopitwa na tarehe, zinazongoja kutupwa, bado zipo. Daktari alisema zichukue zote, zinanijazia kabati. Fundi Meno alimshika mkono akautikisa mpaka daktari akakumbuka kwamba ana mgonjwa kwenye kiti amefungua mdomo.

Lakini kitu kikikauka kigumu hivyo hakuna kurekebisha. Mteremko lazima uwe wa kweli toka mwanzo, na yeye ana ushahidi wa upande mmoja tu. Basi akafanya jambo ambalo hakumwambia Bibi. Akamwendea Yule.

Yule anakaa kwa mwanawe sasa, na nyumba ya mwanawe iko mtaa wa nyuma tu ya nyumba ya Fundi Meno. Walikuwa hawajamwambia Bibi hilo. Waliona watalipoteza hata lile tumaini dogo lililopo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe si mjukuu wa Yule?"

Fundi Meno alikohoa kuficha kicheko. Kumbe na upande wa pili Bibi ni Yule.

"Hajambo?" mama aliuliza, akitazama pembeni. "Bado anakohoa asubuhi? Nilikuwa namsikia."

"Hajambo, anakohoa kidogo. Mama, namjengea Bibi uwanja wake kwenye sinia, nimekuja kuuliza habari za maji."

Mwanamke alikaa chini taratibu, akatandaza kanga yake magotini, na uso wake ukaanza kupata damu. Alizungumza mpaka chai ikapoa. Maji yalitoka kwa Yule, yaani Yule wake yeye, Bibi. Aapizwe kama hayakutoka kwa Yule. Alisimama akaonyesha na fagio, akalala karibu kifudifudi sakafuni kuonyesha jicho lake lilivyokuwa likipima usawa wa ardhi. Mwanawe alitokea chumbani akasema hajamwona mama yake akiwa hivyo tangu wahame. Hakuwa akilia, ila chakula alikuwa hali vizuri.

"Na hilo sinia analipokea lini?" aliuliza mwishowe.

"Jumamosi."

"Nitakuwepo. Asije akakukandisha uongo ukakauka."

Udongo uwahi ungali maji, na ule wa Fundi Meno haungoji mtu. Unga wa ufizi ukikutana na maji yake makali yenye harufu ya kuumiza kichwa, unalainika, unavutika, halafu unapata moto na kugoma kukandwa. Alifungua madirisha yote ya kliniki siku ya mapumziko. Mkewe alishika saa na kitambaa puani. Alitandaza, akakanda, akasawazisha kwa kisu cha nta. Mashahidi wawili walikuwa wamempa miteremko miwili tofauti, naye, kama hakimu mwoga, akaamua kuulaza uwanja sawasawa usiegemee popote. Katikati alisimamisha ua wa bati jembamba la mkebe wa maziwa, na kwa kuwa alikuwa na ufizi wa kutosha akaweka na kipande cha upande wa Yule. Akavuta mswaki juu yake mara moja tu, bila kurudia. Ukapata moto, ukagoma. Ulipopoa, kingo zilikuwa zimejikunja juu kidogo, maana kitu hicho hujivuta kikikauka, hata kinywani. Alisugua jasi na vumbi la kweli juu yake mpaka mikono ikamuuma, lakini huku na kule uwaridi ulichungulia.

Jumamosi Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake nje. Vitu vyake vyote vilikuwa ndani, hakuna hata kijiko kilichofungwa. Sinia liliwekwa kwenye stuli mbele yake, na kabla hajaligusa, sauti ikatoka upande ambako hakujatoka sauti kwa muda mrefu.

"Hodi."

Bibi aliganda. Kisha akainua kidevu. "Nani amemwita Yule?"

"Nimejiita," alisema Yule, akazunguka ua, akavuta ndoo iliyopinduliwa akaikalia.

Bibi akasogea kwenye stuli. Aliweka kiganja juu ya uwanja, na vidole vyake vikashuka ngazi, vikaenda bombani. Yule naye, bila kukaribishwa, akaingiza mkono wake upande wake. Mikono miwili ya kizee ikatembea kwenye sinia moja, kila mmoja upande wake wa ua.

"Mgumu," alisema Bibi. "Na michirizi ipo." Akainama karibu kabisa, macho yake mabovu yakitafuta mwanga. "Mbona kama naona rangi ya ufizi?"

"Ni ufizi, Bibi," Fundi Meno alikiri. "Ule ule wa meno yako."

Bibi alitafakari. Alitoa seti yake ya chini mdomoni, akaigusa, akagusa uwanja, akairudisha. "Ndugu," alisema, na mke akageukia ukuta kwa kicheko.

"Maji," Bibi na Yule walisema kwa pamoja.

Kikombe kililetwa, wakagombania nani amimine, mwishowe wakakishika wote. Maji yalimwagika juu ya ua. Uwanja haukunywa, haukuvimba, haukulegea. Maji yalitembea kidogo huku, yakatembea kidogo kule, yakasita, yakarudi. Kisha yakajikusanya katikati, sawasawa chini ya bati, nusu upande huu na nusu upande ule, yakatulia hapo yanameremeta.

Fundi Meno alifumba macho. Zile kingo zilizojikunja. Sasa wote wawili watasema ni uongo.

"Yako wapi?" Bibi aliuliza.

"Hayaji kwangu," Yule alisema pole pole. "Wala kwako hayaendi. Yamekaa katikati."

Bibi alitia kidole, akalipata dimbwi, akalifuata mpaka chini ya ua. Kidole chake kilikutana na kidole cha Yule kilichotiwa upande wa pili. Hakukitoa.

"Tulikuwa tunapigana juu ya hili?"

"Mimi nilikuwa napigana juu yako," alisema Yule.

Bibi alianza kucheka kidogo kidogo, halafu kikohozi kikamchanganya, halafu Yule akacheka, na kwa muda wale wazee hawakufaa kwa lolote, wamejiinamia juu ya stuli machozi yanawatoka. Fundi Meno alisimama na kikombe kitupu. Hakujua kama ameshinda au ameshindwa, na hakujali sana, moyo ulikuwa umejaa hadi shingoni.

Yule ndiye aliyeharibu amani. Alishika ukingo wa sinia. "Hili nitakaa nalo mimi. Nusu yake ni yangu."

"Toa mkono," Bibi alisema, kicheko kimekatika papo hapo. "Sinia ni la mume wangu. Linakaa kwangu."

"Kwako wapi? Hapa Jumatatu ni lami."

"Kwangu," Bibi alisema kwa hasira, akavuta. "Kwangu kwa mume wangu huyu. Kuna chumba cha mbele, kuna dirisha, kuna kiti chenye mto. Wewe ukitaka kuliona utakuja kwangu, utabisha hodi kama mtu mstaarabu, nikipenda nitakufungulia."

"Nitakuja Jumanne," alisema Yule. "Nakaa mtaa wa nyuma yako."

"Nyuma yangu? Basi uje na maji yako."

Akaliweka sinia mapajani, akalikumbatia, dimbwi likamlowesha gauni. Kisha akagundua kwamba hakuna aliyekuwa akizungumza. Mjukuu wake alikuwa amesimama na kikombe, na mke wa mjukuu wake alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mbona mmenyamaza?" Bibi aliuliza. "Nani anafungua kitanda tukibebe?"